Hoza Mpima Mvua na Hatua Saba za Uandishi

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni adabu tu, maana nchi ile haipendi kutajwatajwa ovyo na watu isiowajua. Itoshe niseme kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mvua ya kutosha kwa mujibu wa taarifa, na ina waandishi walioandikishwa wengi kuliko nchi jirani zote zikijumlishwa. Serikali yake inawapenda waandishi, tena inawapenda mno. Ndiyo maana ikawawekea Hatua Saba, wasije wakakimbilia kuchapishwa wakajikwaa.

Ya kwanza inaitwa Kuwa na Nia. Unajaza fomu, mwenyekiti wa mtaa anakutazama usoni, anathibitisha kwamba nia unayo. Ya pili ni Ukimya: unapeleka andiko lako kwenye jarida, jarida linakaa mwaka mzima bila kukujibu, halafu linakuletea cheti cha kutojibiwa, chenye muhuri. Watu wengi huishia hapo, wakakitundika cheti sebuleni wakaridhika. Ya tatu ni Kukataliwa Bila Sababu, na ya nne ni Kukataliwa kwa Sababu, ambayo haina kikomo, mtu anaweza kuzeekea humo. Baadaye ndipo huja Karibu Kukubaliwa, Kukubaliwa, na mwisho kabisa Kuchapishwa, ambapo mwandishi huvishwa joho la kijani na kupigiwa tarumbeta mbele ya mgeni rasmi.

Jarida lenyewe lilikuwa moja tu nchi nzima, *Fikra Nyoofu*. Lilitoka kila robo mwaka, yaani mara moja kwa miaka mitatu.

Sasa huyu Hoza Mbaruku alikuwa mpima mvua katika kata ya Kijito. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alipanda kilima nyuma ya ofisi ya kata, akamimina maji ya kwenye kopo ndani ya bomba la kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma, akaandika kwenye daftari la serikali. Saa nne makao makuu walimpigia simu kumwambia ni mvua kiasi gani hasa imenyesha, naye akarekebisha. Hakuwahi kubishana nao. Ila nyumbani alikuwa na daftari la pili, la kwake mwenyewe, na humo aliandika alichokiona. Mtu mwenye daftari la pili ni mwandishi tayari, nyie mnaojua mambo haya mtaniunga mkono.

*

Ni lazima niwaeleze habari ya daraja, vinginevyo hamtanielewa.

Miaka minane kabla ya haya, Mlezi wa Taifa alikuja mwenyewe kuzindua Daraja la Maelewano juu ya mto Mbwela. Alikata utepe, akasema daraja hilo litadumu kuliko sisi sote. Siku ya tisa, siku ya gulio, daraja lilianguka na watu kumi na mmoja. Mto ulikuwa umejaa kutoka huko milimani, ukawachukua wote, hakuna aliyeonekana tena.

Jioni redio ya taifa ikatangaza kwamba daraja limepumzika. Mnaona ilivyo? Daraja lililopumzika halijaanguka, na kama daraja halijaanguka basi hakuna aliyeanguka nalo, na asiyeanguka hawezi kuwa amekufa. Katika kitabu cha kata watu wale kumi na mmoja wakaandikwa, "Wamechelewa kuvuka."

Mmoja wao alikuwa Chande, mdogo wake Hoza, fundi seremala. Alikuwa amebeba kichwani mlango wa mninga anampelekea mteja ng'ambo. Mlango ulipatikana wiki ile ile chini mtoni, ukaandikwa kwenye orodha ya mali iliyookotwa, na mwenyewe akatakiwa aje na kitambulisho kuuchukua.

Mama yao, Bi Riziki, alitandika mikeka ya matanga kama watu wote. Alasiri ya siku ya kwanza wakaja askari wawili, wapole kweli kweli, wakaomba kuona cheti cha kifo. Cheti hakuna. Wakamweleza kwamba bila cheti hakuna kifo, na bila kifo hawa watu waliokaa hapa ni mkusanyiko usio na kibali. Wakaikunja mikeka wao wenyewe, wakaikung'uta vumbi, wakaipanga ukutani. Kumwambia mtu pole bila msiba unaotambulika nako kukawekwa katika makosa ya uchochezi. Tangu hapo, miaka minane, hakuna mtu aliyethubutu kumpa Bi Riziki pole hadharani. Walimsalimia, wakainamisha macho, wakapita.

Na kila Januari barua ilikuja kwa jina la Chande, ikimkumbusha kwamba leseni yake ya useremala imekwisha muda na ajitokeze bila kuchelewa.

Siku moja barua ya sita ilipofika, Bi Riziki aliiweka mapajani, hakuifungua. Akamwambia Hoza, "Mwanangu hajaandikwa popote kwamba amekufa. Wewe kalamu unayo. Mwandike."

Hoza akamwandika. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, hadithi yake ilikuwa na sentensi ishirini na tatu, haikuzidi hata moja. Sentensi ya mwisho ndiyo ilikuwa na majina, yote kumi na moja, maana aliona si haki amtaje wa kwao peke yake. Nisiwafiche pia kwamba Hoza alilitamani lile joho. Alikuwa amelitamani tangu shule ya msingi, na alipokuwa anaandika alikuwa akiwaza vitu viwili, mdogo wake na tarumbeta.

*

Akapita hatua zake. Nia ilithibitishwa, mwaka wa ukimya ukapita salama, cheti kikaja, akakitundika. Kukataliwa Bila Sababu kulikuja kwa kadi tupu ndani ya bahasha. Hoza akaifurahia mpaka majirani wakamshangaa.

Hatua ya nne ndiyo iliyokuwa na mambo. Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi alikuwa Mheshimiwa Profesa Ngwebe, bingwa wa fasihi ambaye maandishi yake yote yalikuwa ya kisheria. Yeye ndiye aliyetunga Sheria ya Kukataa kwa Uwazi, nayo ilikuwa fahari yake. Katika nchi nyingine, alikuwa akisema kwenye makongamano, mwandishi hukataliwa gizani kama kuku anayechinjwa. Kwetu sisi hukataliwa mchana kweupe. Sheria ilisema mtu yeyote atakayekataa andiko atataja kasoro, atanukuu sentensi yenye kasoro neno kwa neno, na nakala itabandikwa siku saba kwenye ubao wa matangazo wa kata ya mwandishi, ili wananchi wajue mambo ya kutoandika. Karani wa kata aliamriwa awasomee kwa sauti wasiojua kusoma. Kusimama mbele ya ubao hakukuhitaji kibali, kwa kuwa ni elimu.

Kamati nayo ilikuwa na utaratibu wake. Ikikutana na sentensi ya kwanza yenye kasoro inaacha kusoma papo hapo, kuyahurumia macho ya taifa. Mwandishi anaikata sentensi ile, anapeleka kilichobaki.

Hadithi ya Hoza ilianza hivi: "Siku ile mvua haikunyesha kabisa." Ikakataliwa. Kasoro: taarifa rasmi inaonyesha milimita kumi na nne. Zawena, karani wa kata, akaibandika ubaoni siku ya Jumanne, katikati ya tangazo la chanjo ya mbuzi na picha ya Mlezi wa Taifa. Hoza akakata sentensi, akatuma zilizobaki.

Ya pili: "Daraja lilikuwa na siku tisa tangu kuzinduliwa." Kasoro: umri wa mali ya taifa ni siri. Ya tatu: "Mdogo wangu alikuwa amebeba mlango kichwani." Kasoro: inadokeza kwamba nchi haina sera ya usafirishaji wa milango.

Hapo mwanzo watu walikuwa wakipita tu. Ilipofika ya tano wakaanza kusimama. Ya nane ilipobandikwa, wauza samaki walikuwa wanafunga meza Jumanne mapema, na msusi mmoja aliyeitwa Mwatime alikuwa na daftari anazinakili zote kwa mpangilio, asiyewahi jana anamwazima leo. Watu wa ng'ambo ya mto walizunguka siku nzima kwa miguu kuja kusoma mstari mmoja. Kamati ikichelewa kukataa, Hoza hakuwa na amani barabarani. Walimsimamisha, wakamuuliza kwani wiki hii hukataliwi, umewafanya nini wale watu. Alikuwa mwandishi anayesomwa kuliko wote nchini naye hajachapisha hata herufi. Nyumbani hadithi ilipungua kutoka mbele, ubaoni ikaongezeka kutoka nyuma, na Kamati haikuona ajabu yoyote, kwa kuwa kila mara ilisoma sentensi moja tu.

Bi Riziki hakukosa Jumanne hata moja. Alisimama mbele kabisa, mikono ndani ya kanga, Zawena akamsomea.

Ya kumi na mbili ilikuwa: "Lililia kwanza, kama bawaba isiyotiwa mafuta, halafu likaenda." Kasoro: daraja halina mdomo, na mafuta nchini yapo ya kutosha. Siku ile hakuna aliyetania. Watu walisoma, wakarudi makwao, na gengeni hata chumvi haikununuliwa.

Kwa mwendo huo zikakataliwa ishirini na mbili. Ikabaki ile moja yenye majina.

*

Wakati huo Wizara ilikuwa imemtuma mkaguzi kukagua mbao za matangazo, kama zina misumari ya kutosha. Kijito akakuta ubao umezungukwa na umati. Ripoti yake ilikuwa fupi, nami nimebahatika kusimuliwa: wananchi wanasoma, na wanasoma kwa hiari.

Wizara ikaingiwa na homa. Kamati ikaitwa kikao cha dharura, na kwa mara ya kwanza ikasoma andiko mpaka mwisho, jambo lililowezekana kwa sababu lilikuwa sentensi moja. Wakazihesabu zile zilizotangulia kwenye majalada yao, wakaelewa wamekuwa wakifanya kazi gani. Kuikataa hii sasa ni kuibandika. Kuinyamazia haiwezekani, mwandishi ana cheti cha Ukimya na cheti hakitolewi mara mbili. Kulikuwa na njia moja tu, nao wakaipiga kura kwa kauli moja. Wakaikubali.

Labda hamjaelewa ubaya wake. *Fikra Nyoofu* lilichapwa nakala mia, jalada la ngozi, na kwa heshima yake halikuruhusiwa kuguswa. Nakala zote zilihifadhiwa Wizarani katika chumba cha chuma. Toleo lililopita hata Profesa Ngwebe mwenyewe hakuwa amelifungua. Tena andiko lililokubaliwa halibandikwi ubaoni, kwa kuwa wananchi hawana haja ya kujulishwa kinachoruhusiwa.

Barua ya Hoza ilikuja na pikipiki ya serikali. "Tunayo furaha," ilianza, na hapo hapo Hoza akaketi chini kwenye vumbi akalia. Miaka yote ile, jamani. Ndani ya bahasha kulikuwa na bahasha nyingine ndogo ya Karibu Kukubaliwa, afungue kwanza hiyo, ili hatua ya tano isirukwe. Akaenda mbio kwa mama yake, barua juu, akimsomea kabla hajafika mlangoni.

Bi Riziki alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru Mungu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Jumanne Zawena ananisomea?"

"Hapana, mama. Imekubaliwa. Inakwenda kwenye jarida."

"Na jarida anasoma nani?"

Hoza akatafuta jina la mtu mmoja, hata mmoja, akalikosa. "Hakuna," akasema.

Bi Riziki akarudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni. Hakununa, na ndilo lililomuumiza Hoza. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, "Nenda ukalivae joho lako, baba. Umelihangaikia sana."

*

Ukumbi wa Wizara ulipambwa. Profesa Ngwebe alihutubia saa moja na nusu juu ya mchango wa sentensi katika maendeleo ya aya. Alimwita Hoza nyota, akamwita mche uliomwagiliwa kwa subira ya serikali, akasema nchi isiyokubali waandishi wake haiwezi kujua nani wa kumkataa. Watu walipiga makofi kila alipokunywa maji.

Halafu wakamvisha Hoza joho. Nisiwadanganye, lilimkaa. Liliteremka mabegani likatulia kama limeshonwa kwa vipimo vyake, na kwenye kioo kikubwa cha ukumbini akajiona mtu ambaye alikuwa akimwota tangu darasa la nne. Alifurahi, na aibu haikuwepo. Wakamwekea mbele karatasi ya ridhaa atie sahihi, tarumbeta wapige.

Hoza akashika kalamu. Akauliza, kwa heshima zote, mwandishi asiporidhia inakuwaje.

Profesa akacheka, na ukumbi ukacheka naye. Akaeleza kwamba tangu jarida lianzishwe hakuna aliyewahi kufikiria jambo hilo, na hakuna fomu yake.

Pale mezani kulikuwa na kitita cha fomu za Kamati, zile za kukatalia. Hoza akavuta moja. Penye jina la mkataaji akaandika Hoza Mbaruku. Penye jina la mwandishi, Hoza Mbaruku. Akainukuu sentensi neno kwa neno, ikamchukua muda maana ilikuwa ndefu. Penye kasoro akaandika maneno matatu, "Wote hawa wamekufa." Akaisogeza fomu kwa Profesa, ipigwe muhuri.

Profesa alisoma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba fomu hiyo ni ya Kamati peke yake.

"Sheria inasema mtu yeyote atakayekataa, Mheshimiwa Profesa. Kifungu cha pili. Na cha sita kinasema muhuri hauwezi kuzuiwa."

Profesa akaiweka fomu mezani. "Umeisoma yote?" akauliza.

"Mara nne."

"Mpaka majedwali?"

"Mpaka majedwali. Jedwali la pili limeandikwa vizuri kuliko yote."

Mnajua, Profesa Ngwebe alikuwa ametunga kazi moja tu ya maana maishani mwake, na katika miaka kumi na tisa hakuwa amekutana na mtu aliyeifikisha mwisho. Mawaziri waliitia sahihi bila kuifungua. Mke wake aliitumia kuwekea sufuria. Macho yakamlengalenga. Akamuuliza Hoza kama kweli jedwali la pili alilipenda, Hoza akasema kweli, na ilikuwa kweli. Profesa akauvuta muhuri, akaupuliza, akaugonga juu ya ile fomu kwa mikono miwili.

Kisha akaamuru avuliwe joho. Jina lake likafutwa kwenye daftari la waandishi maisha, na hatua zote akanyang'anywa, hata ile ya Nia.

*

Jumanne Zawena alibandika karatasi kama kawaida. Uwanja wa ofisi ya kata ulikuwa umejaa mpaka barabarani, watu wa ng'ambo walilala njiani wawahi. Askari alikuwepo, akauliza mkusanyiko huu ni wa nini, akaambiwa wanasoma, akasogezwa mbele asome na yeye.

Bi Riziki akaomba asomewe. Zawena akausogelea ubao, akaanza.

"Waliokuwa juu yake ni Chande Mbaruku, seremala, Mwanakombo Faki, muuza ndizi, na mwanawe wa mgongoni ambaye alikuwa bado hajapewa jina, Kibwana Sozigwa, aliyekuwa anakwenda kuposa, Mzee Ligalwike na mbuzi wake..."

"Huyo wangu," akasema mtu nyuma, na watu wakampisha.

Zawena aliendelea. Kila jina lilipotajwa palitokea mtu, mwingine alinyoosha mkono tu kama mtoto anayeitwa shuleni. Alipomaliza kumi na moja akasoma na kasoro, kama sheria inavyomtaka, na muhuri wa serikali akausoma pia, na tarehe.

Bi Riziki akakaa chini, hapo hapo chini ya ubao. Mwatime msusi akakaa kando yake, na Zawena akaja na mkeka kutoka ofisini. Wanawake wakakaa mmoja mmoja mpaka uwanja ukajaa. Yule askari akaenda kuisoma sheria iliyopigiliwa pembeni ya ubao, akakuta imeandikwa siku saba, akatafuta jiwe la kukalia.

Mwatime akaushika mkono wa Bi Riziki. Alimtazama kwanza askari, kisha akasema kwa sauti iliyosikika na kila mtu, "Pole, Bi Riziki. Pole kwa msiba."

Bi Riziki alikuwa na miaka minane hajalitamka neno lile, na ilibidi alitafute.

"Nishapoa," akasema. Ndipo akaanza kulia.